Lehemu na Waya wa Upepo: Historia Fupi ya Kiungo Milimani Usambara

Kuna neno ambalo mafundi wetu hulitamka kila siku bila kulitazama usoni: lehemu. Limetoka katika Kiarabu, na huko kwao linakaa jirani kabisa na neno la nyama, na jirani pia na neno la kidonda kinachofunga. Kulehemu, basi, ni kufanya vipande viwili viote nyama moja. Neno simu nalo limetoka Uajemi, ambako maana yake ni waya. Ndiyo maana nafurahishwa sana na jina ambalo Waswahili walikipa chombo kinachosema bila waya: simu ya upepo. Ukilirudisha neno kwenye asili yake, unapata waya wa upepo.

Nayaleta maneno haya kwa sababu ya swali la kawaida kabisa. Mpwa wangu anaishi Lushoto na anajifunza redio ya ridhaa, yaani ile redio ya watu wanaozungumza na dunia kwa kupenda tu, bila mshahara wala matangazo ya biashara. Aliniuliza: "Mjomba, ninunue chuma gani cha kulehemu kwa kazi ya antena, huko nje juu ya kilima?" Swali la dukani, utasema. Lakini kila nilipojaribu kulijibu kwa sentensi moja nilijikuta narudi nyuma, kwenye reli, kwenye vita, na kwenye jiko la mkaa la fundi bati. Watu wa milima hii wameunganisha waya kwenye baridi na ukungu kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu la mpwa wangu liko humo.

Tuanze na waya wenyewe. Kabla waya haujabeba habari, ulibeba urembo. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilichukua nguo, shanga na masango, yaani waya mnene wa shaba uliosokotwa kuwa bangili za mikononi na miguuni. Habari, wakati huo, zilikwenda kwa miguu. Ukisoma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, unaiona dola ya Vuga ikitawaliwa kwa wajumbe: mtu anatumwa, anashuka bonde, anapanda mlima, anafikisha neno, anarudi na jibu. Kiungo cha habari kilikuwa mwili wa binadamu.

Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden. Mwaka 1890 waya mwingine ukavuka kutoka Zanzibar mpaka Bagamoyo na Dar es Salaam. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo, chini kabisa ya milima, mwaka 1905. Palipopita reli, nguzo za telegrafu zilifuata. Juu yake, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Huko Amani, upande wa mashariki wa milima, walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Yote haya yanaandikwa vitabuni: gavana huyu, mhandisi yule, kilomita kadhaa za reli.

Lakini waya hauji mzima. Unakuja kwa mizingo, na kila mzingo una mwisho wake. Pale mzingo mmoja unapoisha na mwingine unapoanza, lazima mtu ashike ncha mbili na kuziunganisha. Kiungo kile ndicho mahali ambapo mvua inaingia, kutu inaanza na habari inakwama. Mafundi wa telegrafu wa karne ya 19 walilijua hilo mapema. Wamarekani walizoea kuzungusha ncha ya waya mmoja juu ya mwenzake, na ncha ya pili hivyo hivyo, mpaka zikabana zenyewe. Waingereza walilaza ncha mbili ubavu kwa ubavu, wakazifunga kwa waya mwembamba kama unavyofunga mpini wa jembe uliopasuka, kisha wakalehemu. Katika njia zote mbili kanuni ilikuwa moja, na mpwa wangu aiandike ukutani: nguvu ya kiungo inatoka kwenye msokoto. Lehemu haikuwekwa ili ishike uzito. Imewekwa ili izibe, hewa na maji visipate pa kupenya.

Vita vya 1914 vilionyesha jambo hili kwa ukali. Tarehe 8 Agosti mwaka ule meli ya Kiingereza, Astraea, ilifika mbele ya Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani ulikuwa chini. Bahari ikafungwa. Shehena mpya ya waya haikuweza kutegemewa, wala vikombe vya kauri vya kufungia waya kwenye nguzo. Jenerali wao, Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyojenga laini upande wa Kilimanjaro: waya waliung'oa kwenye ua za mashamba, na badala ya vikombe vya kauri walivunja chupa na kutumia shingo zake, wakazichomeka kwenye fito na matawi ya miti. Hebu fikiria. Mawasiliano ya jeshi zima yananing'inia kwenye shingo za chupa.

Sasa niulize swali ambalo kumbukumbu za majenerali hazina haja nalo. Nani alizungusha ule waya wa ua? Nani alipanda juu ya mti? Waya wa ua huwa ni wa chuma, mgumu, umepakwa zinki, na haukubali kuunganishwa kwa upole. Mikono iliyofanya kazi kama hizo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Waafrika waliochukuliwa kuwa vibarua, wapagazi na askari. Historia imehifadhi jina la aliyeamuru laini na ikaacha jina la aliyeishika. Sisemi hivyo kwa kulalamika tu. Nasema kwa sababu aliyeshika waya ndiye aliyejua jambo ambalo mpwa wangu analitafuta leo: namna ya kupata joto la kutosha mahali ambapo upepo unalichukua.

Ujuzi huo ulibaki kwa watu wawili. Mmoja alikuwa fundi wa laini, wa reli na wa posta, aliyebeba kijungu chake cha moto mpaka chini ya nguzo. Wa pili ni fundi bati wa sokoni. Huyu wa pili tunamjua wote. Ndiye aliyegeuza makopo ya maziwa kuwa koroboi, akaziba ndoo zilizotoboka, akatengeneza mirija ya kumiminia mafuta. Umeme hakuwa nao, wala hakuuhitaji. Chombo chake ni kipande cha shaba nyekundu chenye umbo la nyundo ndogo, kilichofungwa kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti. Anakizika kwenye mkaa, anavukuta, anasubiri.

Nilikaa na mmoja wao Lushoto, mzee wa miaka mingi kazini. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, nikamwuliza anajuaje kwamba shaba imeshika moto wa kutosha.

"Tazama ulimi wa moto, mwanangu. Ukianza kuwa kijani, toa. Ukichelewa mpaka shaba iwe nyekundu, umeshaunguza lehemu iliyokuwa kwenye ncha, sasa haitashika tena."

Nikamwuliza kwa nini asitumie cha umeme, siku hizi si umeme upo? Akacheka.

"Kile kinapasha ncha. Mimi napasha nyundo nzima."

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu, nikakuta sentensi ya mzee ni fizikia tupu. Chukua kipande cha shaba cha gramu 300. Kikitoka nyuzi 400 kikapoa mpaka 200, kinaachia jouli zipatazo 23,000. Kile chuma chembamba cha umeme cha wati 30, kinachouzwa kila duka la vifaa vya redio, kinatoa jouli 30 kwa sekunde. Ili kifikishe jouli zile 23,000 kinahitaji karibu dakika 13. Mzee anao mzigo wote wa joto mkononi kwa wakati mmoja, anaumwaga kwenye kiungo kwa sekunde chache, na upepo haujapata nafasi ya kuiba kitu.

Chuma cha umeme kina heshima yake, nisije nikaonekana nakidharau. Mwaka 1921 Mjerumani Ernst Sachs alianzisha kampuni ya Ersa kwa ajili ya kutengeneza vyuma vya kulehemu vya umeme. Mwaka 1941 Mmarekani Carl Weller aliomba hataza ya kile cha umbo la bastola, ukibonyeza ncha inapata moto kwa sekunde chache. Vyombo hivi vilijenga karne ya redio. Fundi redio wa mjini, aliyezungukwa na redio za mbao zilizofunguliwa migongo, hangeweza kuishi bila chuma chembamba, maana kazi yake ni ndogo na ya ndani: mguu wa kipuri, kidoti cha lehemu, basi. Hakuna upepo chini ya meza yake.

Antena ni habari nyingine. Kwa masafa ya megahezi 7, ambayo ndiyo yanayofaa kuzungumza ndani ya nchi mchana, antena ya kawaida ya nyaya mbili ina urefu wa mita 20 hivi, mita 10 kila upande. Kila upande ni waya wa shaba, na shaba ni mpitishaji mkubwa wa joto. Unapogusa kiungo cha katikati kwa chuma cha wati 30, joto halikai pale. Linakimbia kuelekea pande zote mbili za waya, na upepo wa Magamba au wa Irente unalisubiri njiani. Lehemu inayeyuka juu ya ncha ya chuma lakini kwenye waya inaganda kama uji uliopoa. Kwa macho kiungo kinaonekana kimefungwa. Ndani hakijashika. Mvua mbili tatu zikipita, redio inaanza kukwaruza, na hutajua pa kutafuta.

Na kwa nini mtu wa Lushoto ahangaike na redio wakati simu ya mkononi iko mfukoni? Watu wa milimani hawaulizi swali hili sana. Masika yakiwa makali, barabara ya kutoka Mombo hukatika kwa maporomoko, nguzo huanguka, na mnara usio na umeme unanyamaza. Milima nayo inazuia mawimbi mafupi sana yanayokwenda mstari mnyoofu. Ukiwa Soni bondeni humwoni aliye nyuma ya kilima. Lakini wimbi la megahezi 7 linarushwa juu, linagonga tabaka la anga lenye chaji, linarudi chini mbali. Kutoka Lushoto mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 250 kwa mruko wa ndege, na umbali huo ni wake hasa. Hospitali za misheni na madaktari wa ndege, wale walioanzisha huduma yao Nairobi mwaka 1957, waliishi kwa mawimbi ya namna hii kabla ya simu za mkononi. Mgonjwa aliitiwa ndege kwa antena iliyofungwa kati ya miti miwili. Kiungo kibovu katika antena ile hakikuwa suala la kero ya mkwaruzo.

Redio ya ridhaa nayo ina historia yake hapa. Enzi ya Waingereza, vituo vya Tanganyika vilianza jina lao na VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Baada ya uhuru Tanganyika ikapata 5H3, na mpaka leo mtu mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano anaitika duniani kwa herufi hizo za 5H. Kwa miaka mingi wengi waliokuwa nazo walikuwa wageni: maofisa, wamisionari, wataalamu. Walikuja na vyombo vyao masandukuni na wakaondoka navyo. Mpwa wangu yuko katika kizazi ambacho hakina sanduku la kurithi. Anaanza na duka la Lushoto na fundi wa Lushoto. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa swali lake.

Basi, anunue nini?

Kwanza, asinunue kitu kimoja akitegemea kifanye yote. Kile chembamba cha wati 30 au 40 awe nacho, kwa kazi za ndani ya redio. Asikipandishe mlimani.

Pili, kama nyumbani kuna umeme, chuma kinene cha wati 80 hadi 100 chenye ncha pana kitamtosha kwa viungo vyote vya antena, mradi avifanye chini, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kabla waya haujapandishwa. Hii ndiyo hekima kubwa kuliko chombo chochote: peleka kazi kwenye moto, usipeleke moto kwenye kazi. Juu ya kilima yabaki mambo ya kukaza kwa skrubu na vibanio tu.

Tatu, kuna vyuma vya volti 12 vinavyotumia betri. Cha wati 60 kinavuta ampea 5; dakika 10 za kazi hazimalizi hata ampea-saa moja. Betri ya sola ya nyumbani inalibeba hilo bila jasho. Kwa matengenezo ya dharura mbali na umeme, hiki ni rafiki mzuri, ila akikinge upepo kwa kopo lililokatwa ubavu, kiungo kikae ndani yake.

Nne, vile vya gesi vinavyowaka kama kiberiti kikubwa. Vinapendeza, vinaingia mfukoni. Lakini upepo unavumisha moto huku na huku, na ulimi wa moto mtupu una hatari mbili. Shaba ya antena huwa imevutwa kiwandani ili iwe ngumu. Ukiichoma kupita kiasi inalegea, na waya ulioupima mita 10 unaanza kurefuka wenyewe na hatimaye kukatika karibu na kiungo. Hatari ya pili ni msitu. Mwezi wa kiangazi, chini ya miti ya Magamba, sitaki kusikia mtu wa ukoo wangu ameanzisha moto akitafuta sauti ya Nairobi.

Tano ni nyundo ya shaba ya fundi bati. Sikuitaja mwisho kwa kuidogosha. Kwa waya mnene, mahali pasipo na umeme, penye jiko la mkaa na subira, sijaona kinachoishinda. Inatengenezwa hapa hapa, haina kipuri cha kuungua, na mwenye kuijua yupo sokoni, akiwa hai bado.

Kuna jambo moja tu ambalo mpwa wangu asilichukue kwa fundi bati: dawa. Ili lehemu ishike, lazima uchafu wa juu ya shaba uondolewe, na mafundi bati hutumia tindikali iliyoyeyushiwa zinki. Kwa ndoo ni sawa, maana ndoo huoshwa. Kwenye kiungo cha waya, tindikali inajificha kati ya misokoto na kuendelea kula shaba mwaka mzima. Kwa redio dawa ni utomvu wa msonobari uliokamuliwa mafuta yake ukabaki mgumu kama kaharabu. Ukipita Shume unaiona misonobari imepangwa vilima vyote, kwa ajili ya mbao, na utomvu unachuruzika kwenye magome. Bati nalo limechimbwa kwetu, Kyerwa mkoani Kagera. Lehemu ya kawaida ya redio, bati sehemu 60 na risasi 40, inaanza kuyeyuka nyuzi 183 na kwisha kuyeyuka karibu na 190. Na risasi ni sumu, awe anaosha mikono kabla ya kula, na dirisha liwe wazi wakati wa kazi. Kiswahili kimetumia neno moja kwa madini hayo na kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, na sidhani kama kimekosea.

Nimemwandikia mpwa wangu haya yote kwa ufupi zaidi. Nimemwambia anunue cha wati 100 kwa kazi za nyumbani, na hela ya kile cha gesi alichokitamani aitumie kwa fundi bati, akae naye wiki mbili, ajifunze kuona moto unavyogeuka kijani. Chombo cha dukani kitapatikana mwaka kesho na mwaka ujao. Koroboi hazinunuliwi tena, taa za sola zimeenea mpaka vijiji vya ndani, na ndoo ni za plastiki. Vijana hawakai tena mbele ya lile jiko. Ujuzi ule haukuandikwa na gavana wala jenerali, na wala hautakuwemo kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi. Ukikatika, hakuna wa kutuunganishia.

Amenijibu neno moja: "Sawa mjomba." Kisha, baada ya dakika chache, swali: mzee yule anafungua saa ngapi?